Ganzi ya neva yapunguza maumivu ya goti la bandia

MZEE wa vilima vya Mbooni, Makueni, au Mutitu, Kitui, ambaye goti lake limelika, hushindwa hata kufika shambani. Upasuaji wa kuwekewa goti la bandia humrejeshea mwendo, ila siku za kwanza huwa za maumivu makali.

Njia mojawapo ya kuyatuliza ni ganzi ya neva. Akiongozwa na picha za altrasaundi, daktari wa nusukaputi hudunga dawa kando ya neva ya paja inayosafirisha hisia za goti. Ganzi hudumu takriban saa 12 hadi 24. Mgonjwa huhitaji mofini kidogo, hivyo hupunguziwa kichefuchefu, usingizi na kufunga choo.

Mahali pa sindano ni muhimu. Dawa ikiwekwa kwenye kinena, misuli ya paja hulegea na mgonjwa aweza kuanguka. Ikiwekwa katikati ya paja, nguvu nyingi husalia.

Hata hivyo, nyuma ya goti huenda kukauma, hivyo vidonge bado huhitajika. Neva kujeruhiwa ni nadra, lakini mguu ukibaki na ganzi kupita muda uliotarajiwa, daktari aarifiwe mara moja.

Faida kubwa ni kuanza kutembea mapema, kwa kusaidiwa, kabla goti halijakakamaa au damu kuganda mguuni.