Kabla Dawa Haijamfikia Mtoto Wako

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kwa minong'ono tu, nalo ni utafiti wa dawa, hasa pale mama anapoombwa mtoto wake ashiriki.

Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wake kliniki kwa chanjo. Tulipomaliza kumpima uzito akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ni kweli mtoto akiwekwa kwenye utafiti damu yake huuzwa?" Nikamwomba aketi. Kumbe mwezi uliopita mtoto alikuwa amelazwa, na usiku ule mama alipewa karatasi atie sahihi. Hakuielewa, lakini alitia. "Niliogopa nikikataa hawatamtibu," akaniambia. Mama mkwe wake alipopata habari akamgombeza: "Mtoto wetu si panya!" Mtoto alipona, lakini mama hakuwa akilala vizuri.

Mama, hofu hiyo haikupaswa kuwapo. Ukiombwa mtoto wako ashiriki katika utafiti, una haki ya kukataa, na mtoto atatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Lakini kabla ya kukubali au kukataa, ni vizuri uelewe utafiti ni nini.

Dawa hupitia wapi?

Dawa mpya huanzia maabara, kisha hujaribiwa kwa wanyama kama panya. Ikionekana haina sumu, hupewa watu wazima wachache ili ijulikane kama ni salama na kipimo chake ni kipi. Baadaye hupewa wagonjwa mamia, kisha maelfu, na kulinganishwa na dawa iliyozoeleka. Kwa kawaida watoto hufikiwa baada ya watu wazima. Hapa Kenya, jaribio la dawa kwa watu ni lazima likubaliwe na kamati ya maadili ya utafiti na pia Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa nyingi huishia njiani, kwa sababu hazikufaa.

Mfano wa malaria kali

Akina mama wa zamani wanaikumbuka kwinini. Mtoto mwenye malaria kali alitundikiwa dripu kwa saa nyingi, mara tatu kwa siku, na ilibidi tuangalie sukari yake isishuke. Siku hizi hospitalini tunamdunga sindano ya artesuneti. Badiliko hilo lilitoka wapi?

Lilianzia Uchina. Huko kuna mmea uliotumiwa tangu kale kutibu homa. Mwaka wa 1972 mtafiti Tu Youyou na wenzake walifaulu kutoa kwenye mmea huo dawa iliyoua vimelea vya malaria. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kwanza. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Artesuneti inatokana na dawa hiyo.

Lakini je, ingewafaa watoto wetu kuliko kwinini? Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika mpaka ijaribiwe. Kati ya 2005 na 2010 watoto 5,425 wenye malaria kali walishiriki katika utafiti mkubwa katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Nusu walipewa kwinini, nusu artesuneti. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, karibu 109 walifariki. Waliopewa artesuneti walifariki 85. Hao ni watoto 24 zaidi waliorudi nyumbani na mama zao. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto. Mtoto wako akidungwa sindano hiyo leo, anafaidika kwa sababu akina mama wengine walikubali.

Kwa nini damu hutolewa mara kwa mara?

Hili ndilo linalowatia akina mama hofu kubwa. Ipo elimu inayoitwa famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini. Wanaoifanya ni pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea shahada ya uzamifu. Wao hutaka kujua dawa imefika kiasi gani kwenye damu, na baada ya saa ngapi imeisha. Ndiyo sababu huchukua damu kidogo, kisha kidogo tena baadaye. Damu hiyo hupimwa maabara. Haiuzwi.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Watafiti walipopima damu, waliona kwamba watoto wadogo wakipewa artesuneti kwa kipimo kile kile cha kila kilo, dawa ilikuwa kidogo kwenye damu yao kuliko kwa wakubwa. Kwa hiyo mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha watoto walio chini ya kilo 20 kipandishwe kutoka miligramu 2.4 hadi miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 akatoka miligramu 24 akafika 30. Bila damu ile ndogo, watoto wetu wangeendelea kupewa dawa pungufu.

Je, kuna hatari?

Sitakuficha. Hatari ipo, ndiyo maana kuna ulinzi. Wakati mmoja watafiti walitaka kujua kama watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu wangesaidiwa na maji mengi ya dripu yanayotiwa kwa haraka. Madaktari wengi waliamini yanasaidia. Watoto 3,141 walishiriki Kenya, Uganda na Tanzania. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10 au 11. Wasiopewa walifariki kama 7. Kamati iliyokuwa ikichunguza matokeo ilisimamisha utafiti mapema, mwaka wa 2011. Ni habari ya huzuni. Lakini kabla ya hapo matibabu hayo yalipendekezwa sehemu nyingi bila kupimwa hivyo.

Tafadhali usiogope dripu kwa sababu ya habari hii. Watoto walioishiwa maji kwa kuharisha hawakuwa katika utafiti huo, na wao wanahitaji maji upesi.

Maswali ya kuuliza

Ukiletewa fomu, usione haya. Uliza:

1. Wewe ndiye unayemtibu mtoto wangu, au ni mtafiti? Mtu anaweza kuitwa daktari kwa sababu ya shahada yake ya uzamifu, na asiwe daktari wa kutibu.
2. Mtoto atapewa nini, na nikikataa atapewa nini?
3. Madhara gani yanajulikana?
4. Damu kiasi gani itatolewa, na mara ngapi?
5. Akidhurika, nani atagharamia matibabu?
6. Nimpigie nani simu nikiwa na wasiwasi?

Omba usomewe fomu kwa lugha unayoielewa. Hata ukitia sahihi leo, unaweza kumtoa mtoto kesho bila kutoa sababu. Nakala ya fomu ni yako. Itunze pamoja na kijitabu cha kliniki, kwani ina nambari ya simu ya kamati ya maadili.

Yule mama nilimwambia alete nakala yake. Tulipiga simu pamoja, akauliza maswali yake yote na akajibiwa. Alipomaliza aliniambia, "Sista, kumbe ningeuliza tu!" Aliamua mtoto aendelee. Angeamua kumtoa pia, ningemsaidia vivyo hivyo.

Mambo ya kukumbuka

Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akitoka hospitalini baada ya sindano ya artesuneti, mpe vidonge vya malaria alivyoandikiwa mpaka viishe, hata akionekana amepona. Na ukiombwa kushiriki katika utafiti, uliza kwanza, kisha uamue.