Kabla ya Kununua Kigari cha Filamu

Anayekusanya vigari vya mfano vya magari ya filamu hununua vitu viwili kwa wakati mmoja: kigari chenyewe na historia inayosimuliwa juu yake. Kigari hupimwa kwa rula. Historia ndiyo inayowatia walaji hasarani, nasi tunaandika maelezo haya kutokana na lalamiko moja lililotufikia.

Mlalamikaji alilipa fedha nyingi kupitia mtandao ili apate Aston Martin DB5 ya James Bond, aliyoahidiwa kuwa ni toleo la kwanza la Corgi la mwaka 1965. Kilipofika, kigari kilikuwa cha rangi ya fedha. Hakushuku lolote, kwa kuwa gari lililoonekana katika filamu ya Goldfinger mwaka 1964 lilikuwa la rangi hiyo hiyo. Kumbe ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake. Kigari cha mwaka 1965, chenye namba 261, kilipakwa rangi ya dhahabu, kwani watengenezaji walihofia kwamba rangi ya fedha ingekifanya kionekane kama chuma kisichopakwa rangi. Toleo la fedha, namba 270, lilitoka mwaka 1968. Kwa hiyo aliyeijua filamu vizuri ndiye aliyekuwa rahisi kudanganyika.

Tunawashauri wanunuzi watofautishe mambo matatu. Toleo la asili ni lile lililotengenezwa wakati wake. Toleo jipya hutengenezwa miaka mingi baadaye na mwenye haki ya jina. Ni bidhaa halali, na wengi hulipenda kwa sababu bei yake ni nafuu. Bandia ni kile kinachouzwa kwa jina lisilo lake. Katikati ya hayo kuna eneo lenye utata, nalo ni vigari vya asili vilivyopakwa rangi upya au kuwekewa vipuri vipya. Kigari namba 261 kina kiti kinachomrusha abiria nje kupitia paa, na abiria huyo mdogo hupotea kwa urahisi mno; wapo mafundi wanaotengeneza abiria wa badala, na vilevile masanduku ya nakala. Kazi hiyo si kosa. Kosa ni kuificha, hasa kwa kuwa sanduku la asili, pamoja na bahasha ya maelekezo ya siri iliyokuwa ndani yake, huweza kupandisha bei kwa kiasi kikubwa. Omba picha za chini ya kigari, za ndani ya sanduku na za kila sehemu inayofunguka, kisha mtake muuzaji akuandikie ni kipi cha asili na ni kipi kilichobadilishwa. Anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

Ukubwa nao hupotosha, maana picha haina kipimo. DB5 halisi ina urefu wa takriban mita 4.57. Kwa uwiano wa 1:18 kigari chake hufikia sentimita 25. Kwa 1:43 hakifiki sentimita 11. Kwa 1:64 ni kama sentimita 7 tu. Uliza urefu kwa sentimita, na uliza pia gharama ya usafirishaji na ushuru wa forodha kabla ya kulipa.

Wanaopenda kuunda wenyewe hununua seti za vipande vya plastiki, mara nyingi kwa uwiano wa 1:24 au 1:25. Picha iliyo juu ya sanduku huonyesha gari lililokamilika na kung'aa, lakini aghalabu gundi, rangi na brashi havimo ndani. Gundi na rangi za kupuliza hutoa mvuke wenye madhara unaoweza kushika moto: fungua madirisha, na usifanye kazi hiyo karibu na jiko.

Kuhusu watoto hatuna budi kusema wazi. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ilivirudisha kutoka sokoni vigari vya Sarge, mhusika wa filamu ya Cars, kwa kuwa rangi yake ingeweza kuwa na madini ya risasi kupita kiwango kilichoruhusiwa. Nchini Marekani pekee vilikuwa takriban 253,000. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kigari cha zamani ambacho rangi yake haijulikani, au kilichoandikwa kuwa ni cha wakusanyaji, kibaki kabatini hata mjukuu akililia.

Mlalamikaji wetu alirejeshewa bei ya kigari. Alikuwa amehifadhi nakala ya tangazo lenye maneno ya muuzaji mwenyewe na mwaka aliouahidi. Gharama ya usafirishaji hakuipata, kwa sababu makubaliano juu yake yalifanyika kwa simu.