Mshipa Upi? Istilahi za Kiswahili na Njia ya Homoni kutoka Ubongoni hadi Tezi ya Pituitari ya Samaki

Neno *mshipa* katika Kiswahili hubeba dhana zaidi ya moja: upo mshipa wa damu na upo mshipa wa fahamu. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutatua utata huo. Katika maelezo ya uzazi wa samaki hautatui, kwa sababu swali lenyewe ni mshipa upi.

Kwa mamalia, nyuroni za hipothalamasi humwaga homoni katika mishipa midogo ya damu, nayo damu huzifikisha kwenye sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari. Samaki wa kundi la teleosti, wakiwamo sato na kambare, hawana mfumo huo kwa umbo hilo. Nyuroni zao hurefusha aksoni hadi ndani ya tezi yenyewe na kutoa homoni jirani na seli lengwa. (Damu nayo haikuachwa kando kabisa: katika samaki pundamilia wa maabara, baadhi ya miisho ya aksoni hutua kando ya kapilari za tezi.) Basi sentensi “mishipa huunganisha ubongo na pituitari” ni kweli kwa wote wawili, na haimfundishi msomaji lolote.

Uhusiano huo hubadilika hata kwa hadhi ya samaki. Dume la *Astatotilapia burtoni*, samaki wa Ziwa Tanganyika, likipata eneo la kutawala, nyuroni zake za GnRH zinazofika kwenye pituitari hupanuka. Likinyang’anywa eneo, hunywea.

Athari ya utata wa istilahi huonekana zaidi kwa kambare. Jike afugwaye bwawani kwa kawaida hutunga mayai lakini hayaachilii, na dopamini kutoka ubongoni huizuia pituitari kutoa LH. Vituo vya kuzalisha vifaranga hutumia mbinu mbili. Ya kwanza ni kumchoma samaki dondoo ya pituitari, inayoleta gonadotropini iliyokwisha kutengenezwa na hivyo kuuruka ubongo na tezi yake. Ya pili ni kumpa kifanani cha GnRH pamoja na kizuizi cha dopamini, ili tezi yake mwenyewe ifanye kazi. Zote mbili huitwa “sindano ya homoni”, ingawa vipimo vyake havibadilishani. Mwongozo wa ugani unapaswa kuandika *sindano ya dondoo ya pituitari* na *sindano ya kuchochea pituitari*, na kutenga *nyuzi za neva* na *mishipa ya damu* kila mahali.