Kwa nini mzee anamrudisha dogo?

Mechi ya Ligi Kuu ya England ikichelewa kuanza, DJ wa kibanda umiza kimoja cha Makanyagio, mjini Mpanda, huchomeka fleshi, hushika maiki na kuwawekea watoto wa benchi la mbele filamu isiyofika hata dakika moja. Mzee anamwagilia bustani. Dogo ananyata nyuma yake, anaukanyaga mpira, maji yanakata. Mzee anauelekeza mdomo wa mpira usoni kwake achungulie kulikoni. Dogo anainua mguu. Kofia inaruka.

Ni filamu ya Louis Lumière, iliyopigwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1895. Wengi huihesabu kuwa kichekesho cha kwanza cha sinema. DJ hayo hayasemi.

“Mzee huyu ni wa Kawajense, na pale kuna mchicha,” ananiambia. “Nikitaja Ufaransa tu, nimeshawapoteza.”

Kutafsiri filamu amejifunza kwa kumsikiliza Lufufu, yule DJ mtafsiri wa Dar es Salaam. Lakini picha bubu, anasema, ni kazi nyingine kabisa. “Ya Kihindi inakubeba. Mtu akifumba mdomo, na wewe unapumua. Hapa ukinyamaza wewe, kibanda kizima kimenyamaza.”

Kisha ananirudishia kipande kimoja, mara mbili, mara tatu. Dogo ametimua mbio, karibu atoke kwenye picha. Mzee anamdaka kule nyuma. “Sasa tazama hapo, kaka. Si amchape palepale? Anamkokota mpaka huku mbele, ndipo anamtandika.”

Kamera ya wakati ule ilisimikwa mahali pamoja, haikugeuka kumfuata mtu. Bila kurudishwa, kofi lingepotea. Lakini DJ amelipatia pengo hilo maneno yake. Mzee anapokokota, yeye ananguruma kwenye maiki: “Twende kwa mama yako!” Watoto wanalipuka kabla mkono haujatua. Nani kati yao hajawahi kukokotwa hivyo? Mimi niliyefika pale kwa ajili ya mpira nilicheka kuwazidi.

Picha bubu yenye maneno ya pembeni si ngeni nchini. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza pale Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo ambazo maneno yake yaliwekwa kwenye sahani za santuri. Nilipomweleza, DJ aliguna. “Santuri itajuaje dogo wa mbele amechoka?”

Kinachonisumbua ni kwamba kofi linachekwa kuliko maji. Na yule mtoto wa Lyon, aliambiwa mapema kwamba atachapwa? DJ anainua mabega.

Yeye akili yake iko kwingine. Amepakua moja ya filamu za Our Gang, zile za watoto watundu, weusi na weupe pamoja, ambazo Hal Roach alianza kuzitoa Marekani mwaka 1922 na zikaendelea bila sauti hadi 1929. Hiyo ni ya dakika kama ishirini.

“Sauti ya mzee ninayo, ya mama ninayo. Ya watoto sita wanaogombana kwa mpigo?” Anakuna kidevu. “Itabidi nimwite mdogo wangu. Na yule bila hela haongei.”