Bastola Ndogo, Mkono Mkubwa

Mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Maua, ambaye nilimfundisha Fizikia miaka mingi iliyopita, aliniuliza hivi majuzi swali ambalo mwalimu mstaafu halitarajii. "Mwalimu," alisema, "ni bastola gani iliyo ndogo kabisa, ambayo mtu hawezi kuitambua ndani ya koti?" Tayari alikuwa ameanza kuomba leseni. Sikumlaumu. Miraa huchumwa alfajiri na kupoteza thamani yake kwa siku mbili hivi, kwa hiyo anayeinunua huwa njiani saa ambazo wengine wamelala. Na ijapokuwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imepunguza noti mifukoni mwa watu, wapo bado wanaotaka kulipwa taslimu.

Hata hivyo, swali lake lilikuwa limekaa upande. Alikuwa akiulizia haja ya koti lake, wala hakuutaja mkono wake hata mara moja.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimekulia Meru na kufundisha Embu, na bado sijamwona mkulima wa kweli asiyechagua. Nenda soko la Gakoromone, mjini Meru, umtazame mama anayenunua panga. Huushika mpini, hulipima uzito kwa kulitikisa, hukigeuza kiganja, hulirudisha chini na kuchukua jingine. Mpini ukiwa mnene kuliko kiganja chake, hana haja tena na makali. Na hilo ni panga tu! Bastola, ambayo bei yake inaweza kununua ng'ombe wa maziwa, watu huichagua kwa jina, ama kwa kuwa rafiki yao anayo ya aina ile ile.

Bastola inayoufaa mkono hujulikana ikiwa tupu, baada ya magazini kutolewa na chemba kukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Uwazi ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada sharti ukae juu kabisa, nyuma ya mpini, ili mtutu uwe katika mstari mmoja na mkono kuanzia kiwikoni. Kisha kidole cha shahada kikifikie kifyatulio kwa nyama ya pingili ya kwanza, bila ya kiganja kuzunguka. Kidole kisipofika vyema, mtu huipinda bastola pembeni ili apate kuvuta, na risasi huenda kando. Kikipita mno, hukunjika na kuivuta bastola upande. Kidole cha mwisho nacho kinataka pa kushika. Katika bastola nyingi ndogo mpini huisha mapema, kidole hicho kikabaki kikining'inia hewani, nayo bastola ikashikwa kwa vidole viwili tu. Mtu wa Maua mwenye kiganja kipana, anayechagua bastola ya kujificha vizuri, aghalabu huchagua ile isiyoshikika vizuri.

Hapa naomba walimu wenzangu na wanafunzi wa sekondari waniruhusu nirudi ubaoni kidogo. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde au karibu na hapo. Kwa sheria ya tatu ya Newton, bastola husukumwa nyuma kwa kani iliyo sawa na ile inayoisukuma risasi mbele. Tuyaache kando mabaki ya baruti. Bastola ya kilo 1 itarudi nyuma kwa mita 2.8 kwa sekunde. Ya nusu kilo itarudi kwa mita 5.6. Nishati inayopokelewa na kiganja katika bastola nyepesi ni mara mbili ya ile ya bastola nzito, ilhali risasi ni ile ile. Mkono ukishaumia mara tatu au nne, huanza kujikunja kabla ya mlipuko, na shabaha hupotea.

Ufupi wenyewe una gharama. Alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zikiwa zimeachana kwa sentimita 15, kosa la milimita 1 katika kuzilinganisha huipeleka risasi karibu sentimita 7 kando, kwa umbali wa mita 10. Zikiachana kwa sentimita 12, kosa lilo hilo huwa zaidi ya sentimita 8. Tena springi ya bastola fupi huwa ngumu zaidi kuvuta. Ndiyo maana Glock 19, ambayo magazini yake hubeba risasi 15, humtii mwanafunzi wa shabaha upesi kuliko Glock 43 yenye risasi 6, ingawa hii ya pili ndiyo inayopotea vizuri ndani ya nguo. Mimi ningemshauri mtu achukue ya wastani, kisha anunue koti kubwa zaidi. Koti ni rahisi.

Sheria yetu nayo haimpi mtu bastola kwa kuwa anaitaka. Katiba ya mwaka 2010 haina haki ya kumiliki silaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwombaji awe na sababu njema, na kwamba kumpa silaha hakutahatarisha amani ya umma. Mlevi na asiye na akili timamu hawahusiki. Desemba 2018 serikali iliwaamuru wenye leseni wote wafike kuchunguzwa upya. Wapo walionung'unika. Mimi niliona ni jambo la busara.

Wazee wa upande wetu wa Mlima Kenya hawakuhitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji walioingia msituni, wakiwamo wale wa Meru waliokuwa chini ya Musa Mwariama, walikuwa na bunduki chache mno. Mafundi wa msituni walitengeneza zao kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya matairi. Nyingine zilipasukia mikononi mwa wenyewe. Na kupatikana na silaha kulikuwa kifo. Dedan Kimathi alipokamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, mashtaka yaliyomfikisha kwenye kitanzi hayakuwa ya kuua. Yalikuwa ya kuwa na rivolva moja ya .38 na risasi sita. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Kwa mzee aliyeyaona hayo, bastola ya kupambia kiuno ni kichekesho kisichochekesha.

Ningependa kuiona Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki ikiongeza sharti moja dogo. Mwombaji apelekwe uwanja wa shabaha na bastola ile ile anayotaka kuinunua, si ya mwalimu wake. Aitoe katika ala akiwa amevaa nguo zake za kila siku, afyatue risasi 50 kwa umbali wa mita 7 na mita 10, na karatasi yake yenye matundu iambatishwe kwenye ombi. Asiyeweza apewe muda ajifunze, ama abadilishe bastola. Arudie zoezi hilo kila leseni inapofanywa upya, maana mkono wa mtu wa miaka 60 si ule aliokuwa nao akiwa na 35. Tena aonyeshe sanduku la chuma lenye kufuli litakaloihifadhi silaha nyumbani, na aseme ufunguo wake utakaa wapi watoto wakirudi kutoka shuleni.