Mahindi na Mtungi wa Maji Visikae Pamoja

Leo tuangalie pale unapoweka mahindi.

Mwaka 2004, hapa kwetu Makueni na Kitui pamoja na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 wakafa. Ilionekana kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi.

Maji yakimwagika mtungini, sakafu ya udongo huyanywa na gunia huyavuta. Basi hamisha mtungi. Inua magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na uzibe paa linapovuja.

Kabla ya kuhifadhi, anika mahindi juu ya turubai, kisha yajaribu: tia kiasi kidogo pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, yarudishe juani.

Yaliyoota kuvu usimpe mtoto, wala ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa. Moto hauiondoi, hata ukipika isyo kutwa nzima.

Mtoto akitapika na macho yakawa manjano, mpeleke hospitali mara moja, ueleze mahindi mliyokula.