Anayesuasua Jikoni Apewe Mwiko

Kwenye kozi za mapishi, kazi ya kundi huharibikia mahali palepale. Wanachuo watano wamepangiwa chakula cha mchana cha watu 40: wali, maharage, samaki wa kukaanga, mboga za majani na matunda. Wanne mambo yanawaendea vizuri. Wa tano anasuasua. Vitunguu vyake vingine vinene, vingine vyembamba, na vile vyembamba vinaungua kabla vinene havijalainika. Akiulizwa maharage yanahitaji chumvi kiasi gani, anawatazama wenzake. Muda unayoyoma, na kiongozi wa kundi anamwambia, "Wewe osha vyombo, huku tutamalizia sisi."

Chakula kitatoka, alama zitapatikana, na kundi litajiona limemsitiri mwenzao. Kwa maoni yangu wamemuumiza. Siku ya mtihani wa vitendo kila mtu husimama mbele ya jiko lake peke yake, na aliyesugua masufuria muhula mzima atashindwa mbele ya msimamizi asiyemjua.

Kabla ya kumwita mzito, kundi lijiulize ametoka wapi. Mtoto wa Lituhi, Liuli au Mbamba Bay amekulia ugali wa muhogo na dagaa wa Ziwa Nyasa. Wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, amekulia mahindi na maharage yaliyolimwa kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay lami haifiki kilomita 70, lakini mikono imezoea kazi tofauti. Binti wa ziwani anampasua mbasa tumboni na kuitoa nyongo nzima bila kuipasua, huku mwenzake wa Mbinga akibaki kutazama. Binti huyohuyo, mbele ya ovena, hajui ageuze kitufe kipi, kwa sababu kwao ni mafiga na kuni. Hapo ongeza maelekezo ya mapishi ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Na vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambako kozi kama hizi hufundishwa na ambavyo vilianza mwaka 1975, vinapokea pia wasichana waliokatisha shule kwa sababu ya ujauzito. Mwenye mtoto mchanga akichelewa zamu ya asubuhi, tusikimbilie kumwita mvivu.

Njia ya kuzungumza na anayesuasua ipo tangu zamani. Wamatengo walikuwa na sengu: ukoo ulikaa kula pamoja, na papo hapo mambo ya ukoo yakazungumzwa, yakiwemo yaliyowashinda watu. Jina hilo halikufa. Wanakijiji wa Kindimba, wilayani Mbinga, waliposimamia mradi wa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kamati yao waliiita Sengu. Ninachokipenda katika utaratibu huu ni kwamba watu wanaongea wakiwa wameshiba, na anayezungumzwa yupo. Kundi la mapishi halihitaji hata kutafuta chakula cha kikao. Wakae wale walichopika, kisha wamuulize.

"Dada, leo kipi kilikushinda?"

"Vipimo. Kusoma nasoma, lakini gramu 250 za unga sijui ndiyo ngapi."

Jibu la namna hiyo lina dawa ya dakika tano. Mizani ipo mezani. Apime mwenyewe zile gramu 250, amimine kwenye kikombe anachokijua, aone zinafika wapi. Arudie kwa mchele, arudie kwa sukari, kwa sababu kikombe kilekile hakibebi uzito uleule. Kwa kunong'onezana nyuma yake bwenini, kundi lisingelijua tatizo lake hata kidogo.

Baada ya hapo apewe chakula kimoja kizima, tangu kuandaa mpaka kupakua. Aanze na anachokimudu, samaki kwa mfano, ili wenzake nao wajifunze kwake. Zamu inayofuata apewe kilichomshinda. Mmoja asimame kando yake, aongee tu, mikono asiitie. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana mpishi hodari akiona wali unashika chini, mkono wake unaukimbilia mwiko wenyewe. Avumilie. Wali ukishika ukoko siku ya mazoezi, hasara yake ni ndogo.

Usafi peke yake ndio usiosubiri kikao. Aliyekatia kuku mbichi kwenye kibao akataka kukatia kachumbari hapohapo asimamishwe mara moja, hata kama wageni wanasikia.

Mwenzao anayesuasua akizidi kukosa zamu, au kundi likiona limefika mwisho wa uwezo wake, waende naye kwa mkufunzi mapema, si wiki ya mtihani. Na karatasi ya kazi iandikwe kweli tupu: nani alipika nini. Mkufunzi akiona jina moja limeandikwa kwenye vyombo wiki tatu mfululizo, atajua pa kuanzia.